Kumbuni Binadamu wa Kidijitali Anayejua Kusikiliza

Ukibuni binadamu wa kidijitali, yaani mhusika wa kompyuta anayeongea na watu, anza na masikio kabla ya uso. Wabunifu wengi hutumia miezi wakinakshi ngozi na nywele, ilhali mtumiaji huhisi uhai katika mpangilio wa zamu za maongezi. Utafiti uliolinganisha lugha 10, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba swali la ndiyo au hapana hujibiwa baada ya takriban milisekunde 200 kwa wastani; kwa hiyo programu inayongoja mtu anyamaze ndipo ianze kutafuta jibu huwa imekwisha kuchelewa. Iandae ikadirie maana mzungumzaji akiwa bado anasema, na jibu lisipokuwa tayari, mhusika avute pumzi, atazame kando kidogo au atamke "mmh".

Anaposikiliza, amtazame mwenzake bila kumkodolea macho, atikise kichwa sentensi inapofika kituo, na "ehe" yake isikatize neno. Akizungumza Kiswahili, asiruke salamu: mzee aamkiwe "shikamoo", naye mhusika akiamkiwa hivyo na mtoto aitikie "marahaba" (ingawa umri wa mashine ni suala gumu).

Kuhusu sura, Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alitahadharisha mwaka 1970 kwamba kinachokaribia kufanana na binadamu bila kufikia huzua hofu. Kwa maoni yangu, uso wa kuchorwa unatosha.

Kisha mjaribu kwa watu wasioujua mradi, ukiweka alama kila mahali wanapomkatiza au wanaporudia swali, kwani hapo ndipo pa kurekebisha.