Gari linapiga "tak" na haliwaki: pima waya wa ethi kabla hujanunua betri

Jumamosi iliyopita mama mdogo alinipigia simu kutoka Raskazone, hapa Tanga. Corolla 110 yake imegoma. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, lakini akigeuza ufunguo anasikia "tak" moja, kisha kimya. Ni otomatiki, kwa hiyo kusukuma hakusaidii. Jirani alishamshauri anunue betri. Nikamwambia, "Mama, usitoe hela mpaka nifike."

Naandika nilivyofanya kwa sababu mwaka juzi gari langu liliugua ugonjwa huohuo. Nikanunua betri mpya, nikashusha stata (mota inayozungusha injini ili iwake) mara mbili, na kosa lilikuwa kwenye ethi, waya wa urefu wa mkono unaorudisha umeme kwenye betri.

Vifaa

Mita ya kidijitali, spana namba 10 na 12, msasa, brashi ya waya, na waya za kubusti. Taa ya kupimia, ile balbu yenye ncha, iache nyumbani. Balbu hula umeme kidogo sana, itawaka hata kama waya mnene umebaki nyuzi mbili. Ilinidanganya, na sijaishika tena.

Hatua ya 1: Betri

Gari likiwa limepumzika, pima kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imefika nusu, chini ya 12 ichaji kwanza. Kisha mtu apige stata huku unaangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri ndiyo mtuhumiwa. Ya mama mdogo ilikuwa 12.5, ikashuka mpaka 11.7 tu. Betri ina nguvu, ila nguvu haifiki kwenye stata.

Hatua ya 2: Tamino

Tamino ni kile kibano kinachoshika waya kwenye kichwa cha betri. Fungua ya hasi kwanza, irudishe mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche kubwa. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, maji yasiingie ndani ya betri, kisha sugua mpaka risasi, yaani madini ya kichwa cha betri, ing'ae.

Angalia pia kama tamino inabana. Betri nyingi za NS40 na NS60 zina vichwa vyembamba, na tamino ya kichwa kinene haizikamati. Mafundi huchomeka kipande cha kopo au msumari. Usikubali. Nunua tamino ya saizi yake.

Hatua ya 3: Ethi

Hapa ndipo nilipopoteza wikendi yangu, kwa hiyo nenda nami polepole.

Umeme wa stata hurudi kwenye betri kupitia waya mnene unaotoka hasi kwenda kwenye gia boksi au injini. Huku kwetu pwani hewa ya chumvi huingia chini ya ganda la waya na kula shaba kwa ndani. Kwa nje waya unaonekana mzima, hata ukiukunja.

Usiupime kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani. Mimi niliweka mita kwenye omu, ikasoma karibu sifuri, nikauondolea waya mashtaka yote. Kumbe stata hula zaidi ya ampea 100, na kwa mzigo huo hata sehemu ya kumi ya omu inatosha kuizuia isizunguke. Mita ya kawaida haioni udogo huo, maana nyaya zake zenyewe zina ukinzani wa kiasi hicho.

Pima volti inayopotea njiani wakati stata inapigwa. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse kichwa cha hasi cha betri, yaani ile risasi yenyewe. Ukigusa tamino, utakuwa umeruka kiungo ambacho huenda ndicho kibovu. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Kikwangue kidogo kwa ncha, kwa sababu rangi na mafuta machafu yatakupa namba ya uongo. Sasa mtu apige stata kwa sekunde mbili, tatu.

Chini ya 0.2 ni nzuri. Ikipita 0.5, tafuta kosa. Gari la mama mdogo lilisoma 5.8! Karibu nusu ya betri ilikuwa inaishia kwenye waya.

Angalizo moja ambalo sikulijua: kipimo hiki ni kweli pale tu umeme mwingi unapopita. Kama stata yenyewe imekufa ndani, utasoma karibu na sifuri na ethi itaonekana nzima bila kupimwa. Kwa hiyo sifuri usiifurahie kabla ya kufika hatua ya 4.

Ukipata namba kubwa, sogeza ncha kiungo kwa kiungo: risasi mpaka tamino, tamino mpaka mwisho wa waya, mwisho wa waya mpaka gia boksi. Kwa mama mdogo 5.5 zote zilikuwa ndani ya waya. Nilipolichana ganda kwa kisu, shaba ilikuwa unga wa kijani, urefu wa kiganja kizima.

Uthibitisho rahisi ni waya mmoja wa kubusti kutoka hasi ya betri hadi chuma kitupu cha injini. Gari likiwaka, kesi imekwisha. Na kama baada ya kupiga stata mara kadhaa kebo ya pedeli ya mafuta au ya gia ina joto, umeme umekosa njia yake na unapita huko. Kwenye gari langu niliigusa, ikaniunguza kidole, na bado sikuelewa ilichokuwa inaniambia.

Kuuunganisha kipande usijaribu, badilisha waya mzima. Mimi hutumia waya wa kuchomelea, milimita 35 za mraba, kwa sababu una nyuzi nyingi na unakunjika. Vichwa vyake vibanwe kwa mashine, vya kugongwa kwa nyundo hulegea. Pale unapofunga, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu.

Hatua ya 4: Stata

Pima kati ya boliti nene ya stata na ganda la stata huku inapigwa. Ikipata zaidi ya volti 11 na bado inalia "tak" tu, kosa ni lake. Kwenye stata nyingi za Toyota huwa ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya umeme ya stata) vimelika. Hubadilishwa vyenyewe, huhitaji stata nzima.

Kama hakuna hata "tak", jaribu kuwasha gia ikiwa N, kisha angalia fyuzi na waya mwembamba wa solenoidi.

Hatua ya 5: Altaneta

Hii ndiyo inayochaji betri gari likiwaka. Injini ikinguruma, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Basi.

Baada ya waya mpya, gari la mama mdogo lilisoma 0.1 kwenye ethi na kuwaka kwa mguso mmoja. Alikwenda Soko la Mgandini mchana uleule. Nimeandika tarehe kwenye kifuniko cha betri. Nyumba yake inatazama bahari, nitarudi na mita baada ya miezi 6.