Kukuza Video ya Mkanda wa VHS Hadi Kiwango cha HD

Kanda za VHS za harusi na sherehe zilizorekodiwa Tanzania au Kenya kwa kawaida ni za mfumo wa televisheni uitwao PAL, na zikiingizwa kwenye kompyuta hutoa picha ya pikseli 720 kwa 576, ilhali HD kamili ni 1920 kwa 1080. Pikseli zinazoongezeka hukisiwa na programu kutokana na zile za jirani, na ubora wa makisio hayo hutegemea zaidi mpangilio wa hatua kuliko bei ya programu.

Anza na deki. Safisha hedi zake (vichwa vinavyosoma mkanda) na ucheze mkanda mzima ukiutazama, kwa sababu chenga zinazoondolewa hapo hazitahitaji kufutwa baadaye kwa programu ambayo hufuta pia nakshi za kanga na nyuzi za nywele.

Hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoharibu kazi, ni kutenganisha mistari. Picha ya PAL hurekodiwa kwa nusu 50 kila sekunde: nusu moja hubeba mistari ya witiri, inayofuata mistari ya shufwa, kila moja kwa wakati wake. Ukiikuza kabla ya kutenganisha nusu hizo, mkono wa mpiga ngoma utaonekana una meno kama ya kitana, na meno hayo yakishakuzwa hayaondoki tena. Zitenganishe kwanza, upate fremu 50 kamili kwa sekunde, ndipo ukuze.

Jambo la pili ni umbo. Picha ya zamani ni ya uwiano wa 4 kwa 3, hivyo ikuzwe hadi 1440 kwa 1080 na pande zote mbili ziachwe na weusi wa pikseli 240. Kuivuta ijaze skrini nzima huwanenepesha watu, nami siuoni ulazima wa kuwafanyia hivyo wazee wetu. Rangi nazo zibadilishwe kutoka BT.601, kanuni ya rangi ya video za kawaida, kwenda BT.709, ile ya HD, la sivyo rangi ya ngozi hugeuka kidogo. Programu ya bure ya FFmpeg hufanya yote hayo kwa amri moja:

ffmpeg -i harusi.avi -vf "bwdif=mode=send_field,scale=1440:1080:flags=lanczos:in_color_matrix=bt601:out_color_matrix=bt709,setsar=1,pad=1920:1080:240:0" -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p -colorspace bt709 -c:a aac -b:a 192k harusi-hd.mp4

Jaribu kwanza kipande kifupi chenye watu wanaocheza. Wakionekana wakirudi nyuma na kwenda mbele kwa mtetemo, mpangilio wa nusu umegeuzwa; andika bwdif=mode=send_field:parity=bff (nusu ya chini itangulie), au tff (ya juu itangulie) ikiwa faili tayari ilisomwa kama bff.

Programu za akili bandia, kama Topaz Video (awali ikiitwa Topaz Video AI), hutoa kingo kali zaidi, lakini kwenye nyuso ndogo zilizo mbali na kamera huchora macho na midomo ambayo mkanda haukuyarekodi. Zitumie kwa kiasi, ukilinganisha kila uso na faili ya awali. Sura ya bibi ikiwa imegeuka ya mtu mwingine, rudi kwenye lanczos, njia ya kukuza iliyo katika amri ya FFmpeg hapo juu. Faili ya awali yenyewe ihifadhiwe kwa kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu, kama FFV1, kwenye diski mbili tofauti.