Jinsi ya kumwandikisha mchumba wako kuwa dereva wa pili wa gari la kukodi

Kila Desemba barabara ya Arusha kwenda Moshi hujaa magari ya kukodi. Watu wanarudi Kibosho, Machame, Marangu na Rombo kula sikukuu, na wengi wanakwenda wawili: mtu na mchumba wake, anampeleka akaonane na wazazi. Aliyesaini mkataba wa gari ni mmoja. Wakifika Boma Ng'ombe amechoka, anamwachia mwenzake usukani. Kuanzia hapo huenda wanatembea bila bima, na hawajui.

Sisi yalitukuta. Mwenzangu ana leseni halali na anaendesha vizuri kuliko mimi, lakini alikwaruza ubavu wa gari getini kwa wazazi, na bima ikakataa kulipa kwa sababu jina lake halikuwamo kwenye mkataba. Tulilipa kwa pesa tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya mahari. Kwa hiyo nakuomba usione uvivu kufuata hatua hizi.

Kwanza, siku mbili tatu kabla ya safari, mpigie mwenye gari umwambie madereva ni wawili. Uliza gari lina bima kubwa au ndogo. Bima ndogo inalipa madhara uliyompa mtu mwingine. Gari ulilokodi halimo, hilo ni la bima kubwa; ukiligonga, hasara ni yako. Uliza pia kama bima ilikatwa kwa gari la biashara ya kukodisha. Gari la mtu binafsi lenye bima ya matumizi binafsi likikodishwa kimyakimya, kampuni ya bima inaweza kukataa dai lote, hata awe anaendesha nani. Ukipewa namba ya gari, ihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uone kama bima iko hai na inaisha lini. Stika peke yake isikutoshe.

Kisha omba kuona kifungu cha dereva anayeruhusiwa. Usipite hapa haraka. Bima nyingine zinataja madereva kwa majina. Nyingine zinamkubali yeyote mwenye leseni aliyeruhusiwa na mwenye gari, na ruhusa hiyo inasomwa kwenye mkataba wa kukodi. Vyovyote vile, jina la mwenzako lazima liandikwe mahali.

Watu hudanganyika kwenye suala la ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, wanaweza kudhaniwa kuwa wameoana. Hiyo ni hoja ya mahakamani. Kwenye kaunta ya magari haikusaidii, na usimwandike “mke wangu” au “mume wangu” ukidhani itarahisisha. Maelezo ya uongo yanaipa bima sababu ya kukataa. Wageni nao hutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na mazoea ya kwao, kwani baadhi ya kampuni za Marekani humruhusu mume au mke kuendesha bila malipo ya ziada. Huku usibahatishe, andikisha.

Andika ombi fupi, la karatasi au la WhatsApp: “Nimekodi gari namba … kuanzia tarehe … hadi …. Naomba … mwenye leseni namba … aandikwe dereva wa pili. Tafadhali thibitisha kwa maandishi kwamba bima ya gari inamhusu.” Jina liwe kama lilivyo kwenye leseni. Ambatanisha picha ya leseni pande zote mbili na kitambulisho.

Siku ya kuchukua gari nendeni wote wawili, mwenzako asaini kwa mkono wake. Uliza ekses ni kiasi gani, yaani sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe kabla ya bima kulipa, na kama inapanda kwa dereva wa pili. Dai risiti. Lipigeni gari picha kila upande, na chini ya bampa pia kama mnapanda njia za mawe za migombani.

Mkivuka Namanga kuingia Kenya, mwambie mwenye gari mapema: mtahitaji Kadi ya Njano ya COMESA na barua yake ya ruhusa.

Ajali ikitokea, ita polisi na usiondoke bila taarifa yao. Aliyeumia achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Mjulishe mwenye gari siku hiyohiyo, na umtaje dereva wa kweli. Dai likikataliwa isivyo haki, lalamika kwanza kwa maandishi kwenye kampuni ya bima, kisha upeleke shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na mkiongeza siku kwa sababu bibi amewazuia msiondoke, piga simu tena: muda wa dereva wa pili nao uongezwe kwa maandishi.