Kabla ya kufunga dishi la intaneti ya setilaiti: pima anga, umeme na mvua

Setilaiti za Starlink, huduma ya intaneti ya kampuni ya SpaceX, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 480 hadi 550 hivi. Zile za zamani, zinazotumiwa na madishi makubwa ya VSAT, ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka: safari nne. Kwa mwendo wa mwanga, safari hizo kupitia setilaiti ya juu huchukua karibu nusu sekunde. Kupitia ya chini hazifiki hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndiyo maana kwenye VSAT watu wawili hukatizana maneno simuni, na kwenye dishi la kisasa huongea bila taabu. Kwa zahanati, shule au shamba ambako faiba haijafika, faida hiyo ni kubwa kweli. Ila wengi hununua kwanza, wakapima baadaye.

Anza na anga. Setilaiti ya chini hupita juu yako kwa dakika chache tu, halafu dishi linadaka nyingine. Kwa hiyo linahitaji uwazi wa karibu nyuzi 110, si tundu dogo kati ya miti. Pakua programu ya Starlink kwenye simu kabla hujalipa chochote, panda pale pale utakapolifunga dishi (kupimia uani kunadanganya), elekeza kamera ya simu juu na uizungushe mpaka ramani ya anga ijae. Ikikuonyesha kizuizi cha asilimia 1, usipuuze. Siku ina dakika 1,440, kwa hiyo hiyo ni dakika 14, tena hazikatiki kwa mkupuo: sekunde tano hapa, kumi pale. Ujumbe wa WhatsApp utapita tu, lakini mtihani wa mtandaoni utakwama. Sisi wa karibu na ikweta tuna tatizo la ziada: nyingi ya setilaiti hizi ziko kwenye mizingo (njia za kuzunguka dunia) iliyoinama nyuzi 43 hadi 53 kutoka ikweta, hivyo husongamana zaidi karibu na latitudo hizo na huwa chache kwetu. Mwembe ukificha moja, huenda nyingine haiko jirani. Punguza matawi au inua bomba linalobeba dishi.

Kwenye paa la bati, piga skrubu juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde linalopitisha maji, na hakikisha imeshika mbao. Weka washa (washer) ya mpira na silikoni. Waya uache uning'inie kama kitanzi kabla ya kuingia ukutani, maji yadondokee chini ya kitanzi badala ya kufuata waya hadi kwenye ruta. Plagi ya dishi isukume mpaka izame kabisa. Ikibaki nje milimita mbili tu, maji yanaingia, na mara nyingi dishi haliwaki au kasi inashuka.

Umeme ndio unaoumiza wengi. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100, lile dogo la Mini wati 25 hadi 40. Piga hesabu: wati 75 kwa saa 24 ni Wh 1,800 (wati-saa, yaani wati mara saa). Betri ya lithiamu ya volti 12 (kwa hakika 12.8), Ah 100 (ampea-saa), ina Wh 1,280, na ukiitunza utatumia kama 1,000. Yaani dishi la kawaida litaimaliza kwa saa 13, hata kabla hujatoa kile kinachopotea kwenye inveta. Mini ya wati 30 ikiwashwa saa 12 kwa siku hula Wh 360, hivyo betri ile ile inavumilia siku mbili za mawingu. Paneli ya wati 200, ikipata jua kali kwa muda wa saa tano, na robo ya umeme wake ikapotea njiani, hurudisha kama Wh 750. Na ingia kwenye mipangilio ya programu uzime kipengele cha kuyeyusha theluji. Hakina kazi huku kwetu.

Mini inapokea volti 12 hadi 48 moja kwa moja, bila inveta. Kosa la kawaida ni waya mwembamba. Waya wa mm² 1.5 wenye urefu wa mita 10 hupoteza karibu volti 0.8 dishi linapovuta wati 40. Betri ikishuka kidogo, dishi linawaka, linazima, linawaka tena, na fundi anadhani limeharibika. Tumia mm² 4, au sogeza betri karibu, au panda hadi volti 24.

Mvua kubwa ya masika hufyonza mawimbi, na mtandao hukatika kwa dakika kadhaa. Hilo halina dawa, kwa hiyo usiuze modemu yako ya laini ya simu. Radi zikikaribia, chomoa plagi ya umeme.

Jioni nayo ina mambo yake. Kila eneo hugawana uwezo wa setilaiti zilizo juu yake, na Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Muombe jirani mwenye dishi upime kasi kwake saa mbili usiku, si saa nne asubuhi. Faiba ikiwa inafika getini kwako, chukua faiba, dishi liwe akiba. Mei 2024 mikonga ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikasota. Julai 24, 2025 Starlink yenyewe ilizimika duniani kwa karibu saa mbili na nusu. Mwenye njia mbili alikuwa na pa kukimbilia siku zote mbili.

Kama unataka kutazama kamera za ulinzi ukiwa mbali, jua kwamba vifurushi vya kawaida havikupi anwani ya umma ya IPv4 (namba ya kukufikia moja kwa moja kutoka nje), hivyo kufungua milango (ports) kwenye ruta hakutasaidia. Chagua kamera zinazotuma picha kwenye seva ya mtengenezaji, au weka VPN (njia ya siri ya kuunganisha vifaa vyako mtandaoni). Na kabla ya kuvusha dishi mpakani, iulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi unakolipeleka kama huduma ina leseni huko.