Kukata pezi la mkia la lava wa samaki bila kuharibu hesabu

Ili kuhesabu seli nyeupe za damu zinazokimbilia kidonda, mimi hutumia lava, yaani mtoto wa samaki aliyetoka karibuni kwenye yai, wa Danio rerio, yule samaki mdogo mwenye milia, wa siku tatu tangu yai lirutubishwe, aliyelelewa kwenye nyuzi 28.5. Umri huo mwili bado ni kama kioo. Kidonda unakiona kikifanya kazi.

Mlaze kwa trikaini, dawa ya usingizi ya samaki, miligramu 160 hivi kwa lita. Dawa hii ni asidi, kwa hiyo rekebisha pH ifike 7 kwanza. Subiri hadi ukimgusa hashtuki, lakini moyo unadunda. Mweke ubavu juu ya agari (jeli ya mwani) iliyoganda, ukiacha tone la maji limfunike.

Sasa wembe. Tafuta notokodi, ule uti laini unaoishia karibu na pezi. Kata nyuma ya ncha yake, mkato mmoja wa kubonyeza. Usikereze kama unayekata mkate! Ukigusa notokodi, mtoe kundini: jeraha hilo ni kubwa zaidi, na mwitiko wake si ule unaoupima. Andika dakika uliyokata, kisha mrudishe kwenye maji safi.

Ndani ya dakika chache seli za ukingoni hutoa haidrojeni peroksaidi, na hiyo ni mojawapo ya ishara zinazoziita neutrofili, seli nyeupe za damu zinazowahi kidondani. Kundi la watafiti lililoonyesha jambo hilo mwaka 2009 lilitumia mkia huuhuu wa lava. Mimi huhesabu neutrofili saa ya kwanza, ya nne na ya 24. Saa ya nne huwa zimejazana. Kesho yake zimepungua, nyingine zimekufa, nyingine zimeondoka kidondani. Makrofaji, seli nyeupe zinazomeza mabaki, huchelewa, nazo hukaa zaidi. Pezi lenyewe hurefuka tena ndani ya siku tatu hivi.

Kama huna samaki ambao neutrofili zao zinang'aa kijani, wahifadhi kwa fomalini, uwatie rangi ya Sudani nyeusi.

La mwisho ndilo lililonigharimu wiki nzima. Lava wangu wa kulinganishia, ambao hawakukatwa, walikuwa na neutrofili mkiani. Nikalaumu dawa, nikalaumu maji. Kumbe pipeti yangu, mrija wa kunyonya na kuhamisha lava, ilikuwa na mdomo mwembamba wenye ncha kali, ikiwakwaruza kila nikiwahamisha. Tangu siku hiyo hukata mdomo wa pipeti uwe mpana, nikaupitisha motoni ulainike, na wasiokatwa nao huwalaza kwa dawa na kuwahamisha mara zilezile.