Kinyama cha ini: kutoka ultrasaundi hadi slaidi

Kinyama kinachotolewa kwenye ini kwa sindano ni chembamba kama tambi moja, urefu sentimita 2 hivi. Hicho ni takriban sehemu 1 ya 50,000 ya ini zima, na ndicho kitakachoamua kama mgonjwa anaambiwa ana sirosisi (ini lililojaa makovu), kichocho, mafuta kwenye ini au saratani. Kikiharibika, njia ya kupata kingine ni kumchoma mtu upya. Wengi huhofia kuchoma, ilhali kinyama kizuri hufia kwenye chupa. Basi kuchoma nitakupitia haraka, na fomalini, dawa ya kukaza na kuhifadhi kinyama, nitakaa nayo.

Hatua ya 1: Ultrasaundi kwanza

Mgonjwa afunge kula saa 6 hadi 8. Maji matupu hayana neno. Aliyepitia chai na chapati kwa mama ntilie atakuja na kifuko cha nyongo kilichosinyaa, ukuta umekunjamana, nawe utaandika "ukuta mnene" kwa ugonjwa usiokuwepo.

Tumia probu (kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) iliyopinda ya 3.5 MHz au karibu na hapo. Pima ukuta wa mbele wa kifuko, ule unaogusana na ini, maana wa nyuma huchanganywa na gesi ya utumbo. Mwisho wa kawaida ni milimita 3. Ukizidi, usikimbilie kusema kifuko kimevimba kwa maambukizi: maji tumboni, albumini ya chini, moyo ulioshindwa na homa ya ini kali vyote huufanya ukuta uwe mnene. Tafuta jiwe, kisha bonyeza probu juu ya kifuko chenyewe na uone kama hapo ndipo panapouma kuliko kwingine. Jiwe hung'aa, hutupa kivuli cheusi nyuma yake, na huhama mgonjwa akigeukia ubavu wa kushoto. Kisichohama na kisicho na kivuli huenda ni polipu, kinyama kilichoota ukutani. Kikifika milimita 10 mpeleke mgonjwa kwa daktari wa upasuaji. Mfereji mkuu wa nyongo usizidi milimita 6, ingawa kwa wazee, na kwa aliyekwisha kutolewa kifuko, huwa mpana zaidi. Ukiona mifereji ya ndani ya ini imetanuka, sindano isubiri: nyongo inaweza kuvujia tumboni.

Kwa wanaofanya kazi Kanda ya Ziwa, hapa pana mtego. Kichocho cha tumbo kinachoenezwa na *Schistosoma mansoni* huacha makovu kuzunguka matawi ya mshipa wa porta, ule unaoleta damu ya utumbo kwenye ini. Kwenye skrini utaona mabomba yenye kuta nene nyeupe, na yakikatwa kwa upana ni pete. Mwongozo wa Niamey, uliotokana na mkutano wa 1996 na kuchapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000, umeyapanga maumbo hayo kwa herufi A hadi F. Yaandike kwa herufi hizo. Neno "ini lina ukungu" halimsaidii mtu. Sindano mara nyingi hupita katikati ya makovu hayo bila kugusa yai hata moja, hivyo picha yako inaweza kubeba utambuzi kuliko kinyama chenyewe. Mwanapatholojia asipoambiwa, atakuandikia "makovu kidogo kwenye eneo la porta" na kukuacha hapo hapo ulipokuwa.

Hatua ya 2: Nani asichomwe

Chembe sahani angalau 50,000 kwa mikrolita, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) isizidi 1.5. Maji mengi tumboni yatolewe kwanza. Uvimbe wenye sifa za hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, usiguswe. Uvimbe wa maji wenye kuta za ndani au vifuko vidogo ndani yake, hasa kwa mtu wa Turkana au jamii nyingine za wafugaji, uhesabu kuwa ni wa minyoo ya mbwa hadi ithibitike vinginevyo. Ukiutoboa kiholela unaweza kumuua mgonjwa kwa mzio mkali. Na kama ini lina sirosisi, halafu picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa inaonyesha uvimbe unaowaka wakati wa damu ya ateri na kufifia baadaye, hiyo ni saratani ya ini bila kuhitaji kinyama. Sindano hapo inaweza kupanda seli za saratani kwenye njia yake.

Hatua ya 3: Kuchoma

Sindano ya kukata ya geji 16 (namba ikipanda, sindano ni nyembamba zaidi). Geji 18 inafaa kwa uvimbe, lakini kwa ugonjwa ulioenea ini zima hutoa uzi mwembamba mno wa kusomea makovu. Mlaze chali, mkono wa kulia chini ya kichwa. Chagua nafasi kati ya mbavu kwa ultrasaundi na uingie juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa sababu mishipa hupita chini ya ukingo wa chini. Ganzi ya lignokeini 2%, mililita 5, ifike hadi kwenye ngozi ya ini. Hapo ndipo panapouma. Juu juu hapana kazi.

Kabla ya kuchoma, fyatua sindano hewani mara moja. Mlio wake ni mkali, na asiyeutarajia hushtuka sindano ikiwa ndani. Kisha mwambie taratibu: "Mama, vuta pumzi. Itoe yote. Sasa usipumue." Choma, fyatua, toa. Sekunde mbili.

Alale ubavu wa kulia. Mapigo na presha kila dakika 15 kwa saa 1, kila dakika 30 kwa saa 2, halafu kila saa. Maumivu ya bega la kulia ni ya kawaida. Mapigo yakipanda na presha ikishuka si ya kawaida: rudisha probu utafute damu.

Hatua ya 4: Chupa na fomalini

Kiangalie kwanza. Cha njano kinachoelea kina mafuta mengi. Cha kijani kina nyongo iliyokwama. Kinachokatika vipande vipande kiwekee shaka ya sirosisi, na hicho kivunjikavunjiko chenyewe kiandike kwenye fomu, maana maabara hawatajua kama kilikatika kwako au kwenye basi lililokipeleka. Chini ya sentimita 2, choma mara ya pili kama hali inaruhusu. Msomaji wa slaidi anahitaji maeneo ya porta 11 au zaidi ili apime makovu bila kubahatisha.

Kama TB ni miongoni mwa unavyovidhania, kinyama cha pili kiende kwenye salaini (maji ya chumvi) safi isiyo na vijidudu kwa ajili ya kuoteshwa. Kilichokwisha kuingia fomalini hakioti kitu.

Kingine chote kiingie fomalini papo hapo. Kisikae kwenye salaini "kidogo tu wakati tunamalizia": seli huanza kuharibika. Kisifungwe kwenye gozi kavu, kwani hunyonywa maji na kushika nyuzi, na ukikibandua unabaki na makombo. Kitandaze juu ya kipande cha karatasi ya kuchujia kwa ncha ya sindano, uzamishe vyote viwili. Usikibane kwa kibano.

Chupa iwe na mdomo mpana. Zile chupa tupu za sindano za antibiotiki zinazookotwa wodini ni adui: kinyama huingia kikiwa laini, kesho yake kimekakamaa, hakitoki bila kuvunjwa. Lebo ibandikwe ubavuni mwa chupa, kamwe isiwe kwenye kifuniko, kwa maana vifuniko hubadilishana. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ukimwagikiwa, na jina la mgonjwa linabaki doa la buluu. Weka na saa ambayo kinyama kiliingia.

Sasa fomalini yenyewe. Tatizo la kwanza ni hesabu. Dawa ya dukani ina fomaldehidi 37 hadi 40%, lakini dawa hiyo kama ilivyo huitwa "fomalini 100%". Fomalini 10% ni sehemu 1 ya dawa hiyo kwa sehemu 9 za maji, ambayo kwa kweli ni fomaldehidi 4% hivi. Anayesoma "40%" kwenye galoni na kuipunguza mara 4 ili apate "10%" ametengeneza kitu kikali mara mbili na nusu, na kinyama kitatoka kigumu kama kamba.

Tatizo la pili ni asidi. Fomaldehidi ikikaa, hasa kwenye joto na mwanga, hugeuka polepole kuwa asidi ya fomiki. Asidi hiyo ikikutana na damu huacha chembe za kahawia-nyeusi juu ya tishu. Kwingine ni uchafu tu wa slaidi. Kwetu ni balaa, kwa sababu malaria nayo huacha chembe za kahawia-nyeusi kwenye ini, na kichocho vilevile. Utofauti upo: chembe za fomalini hukaa juu ya tishu, nje ya seli, mara nyingi karibu na damu, na ukizungusha fokasi ya hadubini zinaonekana wakati seli chini yake zimefifia. Za malaria na kichocho zimo ndani ya seli za Kupffer na makrofaji, yaani seli zinazomeza uchafu. Chini ya mwanga wa polaraizi zote hung'aa, kwa hiyo usitegemee hilo.

Kuna wanaosema safisha slaidi kwa alkoholi iliyojaa asidi ya pikiriki: chembe zikitoka, zilikuwa za fomalini. Si kweli kabisa. Za malaria nazo hutoka, ila huchukua muda mrefu zaidi, kama slaidi ikilala humo usiku kucha. Kwa hiyo angalia dakika. Na asidi ya pikiriki isiachwe ikauke kwenye chupa, hata kwenye nyuzi za kifuniko, ikikauka inalipuka.

Dawa ya haya yote ni bafa, yaani chumvi zinazozuia pH kubadilika. Kwa lita 1:

- maji yaliyotoneshwa mililita 900
- fomaldehidi ya 37–40% mililita 100
- sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye molekuli 1 ya maji, gramu 4
- daisodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji, gramu 6.5

Yeyusha chumvi kwenye maji kwanza, kisha ongeza fomaldehidi, mahali penye hewa na ukiwa na glavu. Soma lebo ya chumvi hadi mwisho. Ile ya pili ikiwa na molekuli 2 za maji unahitaji gramu 8.2 hivi, na ikiwa na 12 unahitaji gramu 16.4. Anayepima 6.5 ya ile yenye maji 12 ana bafa dhaifu na hajui. Pima pH, itafutwe kati ya 6.8 na 7.2. Vipande vya karatasi ya pH vinatosha kabisa, usingoje mashine. Andika tarehe kwenye galoni. Dawa ya dukani isiwekwe kwenye friji: huganda unga mweupe na nguvu yake kupungua.

Kiasi kiwe mara 10 hadi 20 ya ukubwa wa kinyama. Muda usipungue saa 6. Wengine hudhani kwa kuwa ni chembamba, saa 1 yatosha. Ni kweli fomalini huwa imeshapenya, lakini kupenya si kukaza, na kisichokazwa humaliziwa na alkoholi kwenye mashine: kinasinyaa katikati, pembeni kiko sawa. Upande wa pili usipite saa 72, hasa kama vipimo vya kingamwili (vinavyotafuta protini kwenye slaidi) vitafuata. Chupa ya Ijumaa jioni ina maana ya basi la Jumamosi.

Hatua ya 5: Maabara

Tumia ratiba fupi ya mashine. Ile ya usiku kucha iliyopangwa kwa matiti na vifuko vya uzazi hukausha kinyama hiki hadi kikatike kama kioo. Kifungwe kwenye karatasi ya kuchujia. Sponji za kaseti huacha matundu ya pembetatu. Kilazwe bapa kwenye parafini. Unapokwangua bloku, nenda kwa mkono mwepesi, maana nusu ya kinyama hupotelea hapa, sakafuni. Kata mikroni 4, slaidi 10 mfululizo, zisizotumika ziwekwe.

Rangi: H&E (ya kawaida), trikromu ya Masson (makovu), retikulini (nyuzi nyembamba), Perls (madini ya chuma), na PAS baada ya daiastasi (kimeng'enya kinachoondoa glaikojeni). Ukiwa na fedha ya nyongeza moja tu, nachagua Masson. Pasipo na kingamwili, orsini ya Shikata huonyesha antijeni ya uso ya homa ya ini B kwa gharama ndogo. Na kwa kichocho usisahau rangi ya Ziehl-Neelsen ambayo tayari iko kwenye meza ya TB: ganda la yai la *S. mansoni* huishika rangi hiyo, hata likiwa kipande tu kilichojikunja kati ya makovu.

Hatua ya 6: Kifuko cha nyongo kilichotolewa

Kisitumbukizwe kizima. Nyongo iliyo ndani humeng'enya utando kabla fomalini haijafika. Kipasue mara moja kwa urefu, upande usiokuwa umeshikana na ini, mimina nyongo, suuza, hesabu mawe. Chukua vipande vitatu angalau: kingo ya mrija, mwili, na kitako. Ukikuta ukuta mgumu mahali pamoja, kata hapo pote, na mpigie daktari wa upasuaji umuulize kama kifuko kilitoboka kabla ya kutoka. Jibu lake liandikwe kwenye ripoti.