Kabla hujachovya brashi, pima neno kwa chaki

Wachoraji wengi wa vibao tumewahi kufanya hivi: unaanza kushoto kwa mbwembwe, herufi nono nono, halafu ukifika mwisho zinabanana kama abiria wa daladala jioni. Kuhesabu herufi peke yake hakutoshi, maana hazilingani unene.

Mimi napiga hesabu hivi. Herufi ya kawaida ni 1, I ni nusu, M na W ni 1 na nusu, nafasi kati ya maneno ni 1. Chukua MAMA LISHE: MAMA inakula 5, nafasi 1, LISHE 4 na nusu. Jumla 10.5. Bati lako lina sentimita 240, ukiacha 15 kila upande zinabaki 210. Gawa kwa 10.5, kila kipimo ni sentimita 20, pamoja na upenyo wa herufi jirani. MAMA ipewe 100, LISHE 90. Weka alama kwa chaki, si penseli. Chaki, rangi ikishakauka, unaifuta kwa kitambaa.

Ila L ikifuatwa na A, au A na V, rula itakudanganya. Pengo litaonekana kubwa hata kama vipimo viko sawa, kwa hiyo zisogeze kidogo. Vuka barabara, utazame kibao ukiwa upande wa pili, tena ukikunja macho kidogo. Mwenye duka atakuona umechanganyikiwa. Mwache, bado hujafungua hata kopo la rangi.